Jumamosi Saa Sita, Ann Arbor: Niliyowaambia Mashabiki wa Ohio State

Hotuba hii niliitoa Jumapili, Novemba 23, 2025, kwenye mkusanyiko wetu wa Waswahili wa Columbus, Ohio. Ilihusu mechi ya Jumamosi, Novemba 29, ya mpira wa Kimarekani kati ya Chuo Kikuu cha Ohio State, cha hapa Columbus, na Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko mji wa Ann Arbor. Wengi mlikuwa kazini, zamu ya jioni, mkaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, na vijembe vyake. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Na wewe shabiki wa Michigan uliyejibanza karibu na jiko, uliyevua kofia mlangoni ukidhani hatukuona, karibu sana. Chakula utapewa. Heshima tutaijadili Jumamosi.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na amenionya. Nitajitahidi.

Kwa waliofika Ohio juzijuzi na bado wanashangaa kwa nini watu wazima wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mabasi, naomba dakika moja tu. Uwanja ni yadi 100. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, hesabu inaanza upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao, na ndiyo maana jaribio la nne likifika na bado wako mbali, mtu anaubutua mpira uende zake huko. Ukiufikisha mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6. Ukiupiga ukapita kati ya milingoti, pointi 3. Anayeupokea mpira kwanza na kuurusha anaitwa kwotabeki, na lawama zote ni zake. Mengine mtayaelewa mkiwa mnakula.

Sasa nawauliza. Kwa nini jirani yako, yule mpole anayekusaidia kuzoa theluji mlangoni kila Januari, wiki hii hataki hata kulitamka jina la Michigan? Kwa nini anasema "ile timu ya kaskazini"? Piteni chuoni kuanzia kesho. Kila kibao chenye herufi M kitakuwa kimepigwa msalaba wa mkanda mwekundu. Jina la jengo, kibao cha maegesho, kila mahali. Ni wanafunzi wa chuo kikuu hao, watu wanaosomea udaktari na uhandisi, wako nje kwenye baridi wanaifuta herufi moja ya alfabeti.

Mliokulia Kariakoo mnaijua siku ya Simba na Yanga. Mliotoka Nairobi mnawajua Gor na AFC. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Mazembe na Lupopo hamhitaji kufundishwa. Basi ichukueni siku ile, halafu ondoeni marudiano. Ohio State na Michigan wanakutana mara moja kwa mwaka, mwisho wa Novemba, basi. Ukifungwa, hakuna "tutaonana mzunguko wa pili". Unakaa na maneno ya watu mpaka Novemba nyingine. Sisi wa Ohio tumekaa nayo miaka minne mfululizo.

Nataka muelewe kisa kilianzia wapi, maana hakikuanza na mpira.

Kilianza na ramani mbovu. Mwaka 1787 wakubwa wa Marekani walipanga mpaka wa mashariki hadi magharibi upite kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Michigan. Tatizo ni kwamba ramani za wakati ule ziliiweka ncha hiyo kaskazini kuliko ilipo. Kwa hiyo palibaki ukanda wa ardhi, penye mdomo wa Mto Maumee, palipo na mji wa Toledo leo, ambao kila upande uliuhesabu wake. Kufika 1835 gavana wa Ohio, Robert Lucas, akatuma wanamgambo. Michigan, ambayo hata jimbo ilikuwa bado, ilikuwa chini ya kijana wa miaka 23, Stevens Mason, naye akatuma wake. Wakawa wanawindana kwenye matope na vinamasi, wanakosana, wanarudi.

Mnajua damu iliyomwagika katika vita hivyo? Ya mtu mmoja. Naibu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kutoka upande wa Michigan, Joseph Wood, alikwenda Toledo kukamata mtu, akachomwa kisu kidogo na kijana aliyeitwa Two Stickney. Ndiyo, nimesema Two. Mbili. Na kaka yake aliitwa One. Baba yao aliwapa watoto namba, akaona inatosha. Wood alipona, tumshukuru Mungu, na vita vikaishia hapo.

Uamuzi ukatoka Washington: Ohio ichukue Toledo, Michigan ipewe rasi kubwa ya kaskazini na ndipo ikubaliwe kuwa jimbo. Wajumbe wa Michigan walinuna, wakakataa, mwishowe wakakubali Desemba 1836, katika mkutano uliofanyika kwenye baridi ya kukata masikio. Ulifanyika mji gani? Ann Arbor. Mji uleule. Walidhani wamepunjwa, wamepewa misitu na theluji. Baadaye ikaonekana chini ya theluji ile kuna shaba na chuma cha kutosha kutajirisha watu vizazi na vizazi. Kwa hiyo mpaka leo mtu wa Ohio anasema tulishinda, na mtu wa Michigan anasema tulishinda. Mwaka 1897 wakaanza kuulizana kwa mpira. Michigan 34, Ohio State 0.

Sisemi vijana wa Jumamosi watakuwa wanapigania Toledo. Wengine ni watoto wa Florida na California, Toledo hawaijui hata ilipo. Ila hamuwezi kukaa jirani na watu hawa miaka mingi bila kujua wanabeba nini. Barabara namba 23 inayopita katikati ya mji huu ndiyo inayopita Ann Arbor. Ukishika usukani baada ya chai, hujasikia njaa umeshafika kwao.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu.

Wiki nzima hii mtasikia kwamba Ohio State ni namba 1 nchini, mechi 11, ushindi 11, bingwa mtetezi. Ni kweli. Mtasikia kwamba Michigan wameshafungwa mara mbili, na Oklahoma na USC. Ni kweli. Vijana wetu wameshaanza kutambiana kazini. Nawaomba, ndugu zangu, punguzeni sauti. Rekodi haishuki uwanjani. Rekodi inabaki kwenye gazeti.

Mwaka 1950 mechi ilichezwa hapa Columbus kwenye tufani ya theluji, mistari ya uwanja haionekani. Michigan siku ile hawakusogea zile yadi 10 hata mara moja. Hata mara moja! Hawakukamilisha hata pasi moja. Timu zote mbili kwa pamoja zilibutua mpira mara 45, mara nyingine kwenye jaribio la kwanza kabisa, kwa sababu kubaki na mpira mkononi ilikuwa hatari kuliko kuutoa. Nani alishinda? Michigan, 9 kwa 3. Waliuzuia mpira uliokuwa unabutuliwa, wakauangukia kwenye eneo la mwisho.

Baada ya mechi ile kocha wa Ohio State akajiuzulu, akaja Woody Hayes. Huyo Woody alikuwa na mwanafunzi wake, Bo Schembechler. Alimfundisha mpira akiwa mchezaji, akamchukua kuwa msaidizi wake hapahapa Ohio State. Mwaka 1968 Woody aliipiga Michigan 50 kwa 14. Mwaka uliofuata Michigan wakamwajiri nani? Bo. Mwanafunzi. Na Bo akahakikisha vijana wake hawaisahau ile 50. Ohio State walikwenda Ann Arbor wakiwa mabingwa watetezi, hawajafungwa katika mechi 22. Walinaswa pasi sita. Sita! Wakalala 24 kwa 12. Wanaoujua mchezo huu watakuambia kwamba bila siku ile, hii ingekuwa mechi kubwa ya kawaida tu. Kwa miaka kumi mzee na kijana wake wakapigana, na hesabu ilipofungwa Bo alikuwa ameshinda tano, Woody nne, sare moja.

Rekodi haishuki uwanjani.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote, na inayoniuma kuliko zote, ni ya 1995. Ndugu zetu wa Kongo, sogezeni viti.

Ohio State ya 1995 ilikuwa timu ya kutisha. Mechi 11, ushindi 11, namba 2 nchini. Mkimbiaji wao alikuwa Eddie George, ambaye mwaka uleule alipewa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mbele yake alisimama Orlando Pace, jitu la kusukuma watu kama milango. Kila mtu nchini alisema watu waje Ann Arbor wamtazame Eddie George akikimbia.

Upande wa pili kulikuwa na kijana aliyezaliwa Kinshasa. Tshimanga Biakabutuka. Wazazi wake walimpeleka Kanada akiwa mdogo, akakulia Quebec, akazungumza Kifaransa, na mchezo huu akaujulia sekondari. Mchezo wa Wamarekani, ambao watoto wao wanaanza wakiwa na miaka sita! Watangazaji walikuwa wanalitafuna jina lake kama mfupa. Najua, watu wa Goma na Bukavu mtaniambia huyo ni wa Kinshasa, ni wa Lingala, si wetu. Leo mtamkubali, maana sikilizeni.

Alipewa mpira mara 37. Akakimbia yadi 313. Ngoja nirudie kwa ajili ya mzee wangu pale ambaye masikio yamechoka: yadi mia tatu na kumi na tatu, mtu mmoja, mechi moja, dhidi ya timu ambayo haijafungwa. Mkimbiaji akipata 100 kwa siku anabebwa. Kila akipewa mpira anapita, wanamshika mguu anaendelea na mguu mwingine, wanamrukia wanabaki wameshika hewa. Eddie George akabaki amesimama pembeni na Heisman yake inayokuja, anatazama mtoto wa Kinshasa akikimbia. Michigan 31, Ohio State 23. Miezi michache baadaye Biakabutuka akachaguliwa wa nane kwa nchi nzima kuingia NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa.

Naona Wakongo mnapiga makofi. Pigeni tu! Mimi ni shabiki wa Ohio State na bado nikiitazama mechi ile kifua kinanipanda. Sijui niitwe nani. Msaliti wa siku moja kwa mwaka, labda.

Tukitoka hapo twende kwa makocha, na hapa sitakaa sana.

Kocha wa Ohio State siku ile alikuwa John Cooper. Alikaa miaka 13, akashinda mechi 111. Kazi gani nyingine mtu anafanya vizuri hivyo halafu anafukuzwa? Alifukuzwa. Kwa nini? Mbele ya Michigan alishinda 2, akafungwa 10, sare 1. Mara tatu, 1993, 1995 na 1996, alikwenda kwenye mechi hii hajafungwa na akatoka amefungwa. Akaja Jim Tressel. Januari 2001, katikati ya mchezo wa kikapu, wakampa kipaza sauti awasalimie watu. Akawaambia watajivunia vijana wao darasani, watajivunia katika jamii, na zaidi ya yote watajivunia siku 310 zijazo, Ann Arbor, uwanjani. Mtu hajafundisha hata mazoezi, ameshahesabu siku! Akaenda akashinda. Leo mzee Tressel ni naibu gavana wa jimbo hili. Mnaelewa sasa kura za Ohio zinatafutwa wapi.

Na kuna kitu kingine wachezaji hupewa. Tangu 1934, kila mchezaji wa Ohio State anayeifunga Michigan anapewa kisuruali cha dhahabu, kidogo cha kuning'iniza kwenye mkufu, kimeandikwa mwaka na matokeo. Hakinunuliwi. Hukipewi kwa ubingwa wa taifa, unakipewa kwa kuifunga Michigan tu. Vijana waliomo kwenye timu hii wana pete za ubingwa kubwa kama jicho la samaki. Lakini Sonny Styles, mtoto wa hapa Pickerington, yuko mwaka wake wa nne na hana hata kisuruali kimoja. Waliotangulia, kina Jack Sawyer, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, waliingia 2021, wakaondoka mwanzoni mwa mwaka huu. Mikono mitupu, miaka minne.

Na kocha wetu wa sasa, Ryan Day? Alishinda 2019. Mechi ya 2020 ikafutwa kwa sababu ya korona. Tangu hapo amefungwa mara nne, hajashinda hata moja.

Basi tufike mwaka jana. Najua hamtaki. Mwenyekiti mwenyewe ameniomba niiruke. Siwezi, kwa sababu mechi ya Jumamosi imo ndani ya mechi ya mwaka jana.

Novemba 30, 2024. Wengi wetu tulikuwa humuhumu ukumbini. Michigan walikuja na ushindi 6 na vipigo 5, wacheza kamari wanasema watafungwa kwa pointi 20. Kwotabeki wao alirusha mpira siku nzima akapata yadi 62. Sitini na mbili! Kwa ulinzi wa namna hiyo, ukipewa mechi unashindwaje?

Nitawaambia tulivyoshindwa. Tulikuwa na Jeremiah Smith, mpokeaji pasi ambaye akiwa mwaka wa kwanza tayari hakuna aliyeweza kumkaba. Tulikuwa na Egbuka upande mwingine. Na tukachagua nini? Tukachagua kuukimbiza mpira katikati. Katikati, kule walikosimama Mason Graham na Kenneth Grant, majitu mawili ambayo Aprili iliyofuata yote mawili yalichukuliwa raundi ya kwanza ya NFL. Tunagonga, ukuta. Tunagonga tena, ukuta. Humu ukumbini watu wakaanza kupiga kelele, "Rusheni! Rusheni basi!" Mama mmoja ambaye hajui hata mpira una umbo gani alikuwa anasema rusheni.

Kwa nini Ryan Day hakurusha? Mimi nina maoni yangu na ninayasimamia. Miaka mitatu watu walikuwa wamemwambia kwamba timu yake ni laini, warembo wa pasi, hawana mifupa. Mwaka jana alitaka kuwaonyesha kwamba ana mifupa. Akaacha kucheza mpira wake, akacheza jibu la matusi. Mechi ikawa 10 kwa 10. Zikabaki sekunde 45, Dominic Zvada wa Michigan akaupiga mpira katikati ya milingoti. 13 kwa 10. Pilau ilipoa siku ile. Ni lini mmeona pilau inapoa kwenye mkusanyiko wetu?

Halafu ile aibu ya bendera. Michigan wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, Sawyer akaing'oa kwenye mti wake, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kila chuo kikapigwa faini ya dola 100,000. Tusijitie usafi, pande zote mbili zilichafuka.

Lakini tazameni kilichofuata. Wiki tatu baadaye timu ileile, kocha yuleyule, wakaingia kwenye mchujo wa taifa. Tennessee, 42 kwa 17. Oregon, waliokuwa hawajafungwa na yeyote, 41 kwa 21, Smith peke yake yadi 187. Texas, 28 kwa 14, na Sawyer huyohuyo wa bendera akampokonya mpira kwotabeki wao mwishoni, akakimbia nao yadi 83. Januari 20, Atlanta, Notre Dame, 34 kwa 23. Fainali hiyo, dakika zinakwisha, jaribio la tatu, yadi 11 zimebaki, timu nyingi zingekimbiza mpira ili kula saa. Ryan Day akarusha. Mbali, kwa Smith, yadi 56. Ubingwa.

Mmeona? Wachezaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba kocha aliacha kuwajibu watu. Akaucheza mpira anaoujua. Ninachokiogopa Jumamosi ni hicho kimoja. Simwogopi Michigan. Naiogopa ile sauti ya "wewe ni laini" kichwani mwa kocha wetu, ndani ya uwanja unaobeba watu 107,601, wote wakimwimbia hiyohiyo.

Haya, Jumamosi yenyewe.

Ulinzi wetu, unaoongozwa na Matt Patricia, ndio bora nilioutazama tangu nianze kuifuatilia timu hii. Mechi 11, hakuna aliyefunga zaidi ya pointi 16, na hao waliofunga 16 ni Illinois na bado walipigwa 34. Texas walikuja hapa Agosti wakaondoka na 7. Caleb Downs pale nyuma anausoma mchezo kama mtu aliyenong'onezwa siri na malaika. Styles, Arvell Reese, Kayden McDonald pale kati: nani atapita?

Kwotabeki wetu, Julian Sayin, ni kijana wa California. Karibu pasi nane katika kila kumi zinafika. Sijawahi kuona mkono mtulivu hivyo. Ila hajawahi kuianza mechi hii, na Ann Arbor mwisho wa Novemba si California. Upepo ule una meno. Wapokeaji wake wawili, Smith na Carnell Tate, jana dhidi ya Rutgers wote hawakucheza kwa maumivu. Tulishinda 42 kwa 9 bila wao, sawa, lakini Rutgers ni Rutgers. Wiki hii msiulize kitu kingine. Ulizeni Smith amefanya mazoezi? Tate amefanya mazoezi? Wakiwepo, hata kwa nusu ya miguu yao, Michigan watalazimika kuwatolea walinzi wawili wawili, na hapo ndipo Bo Jackson wetu, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza, atapata nafasi ya kupita. Ukiwarushia wa pembeni, katikati panafunguka. Mwaka jana tulijaribu kinyume chake.

Michigan nao wana mtoto, Bryce Underwood. Ana miaka 18, kijana wa Belleville, hatua chache kutoka Ann Arbor. Ana mkono mkubwa na miguu ya kukimbia. Lakini ni mwaka wake wa kwanza, na Patricia ni mzee aliyefundisha ulinzi wa Patriots wa New England, timu ya NFL. Atamwonyesha sura moja kabla ya mpira na sura nyingine baada ya mpira. Nategemea pasi mbili zinaswe. Mkimbiaji wao mkubwa, Justice Haynes, ameumia. Mwenzake Jordan Marshall naye bega lilikuwa linamsumbua. Huyu Marshall ni mtoto wa Cincinnati, mtoto wa Ohio, aliyekwenda kwa adui. Akicheza, sikilizeni watangazaji watakavyolisema jambo hilo mpaka litoke harufu.

Msimdharau Sherrone Moore, kocha wao. Mwaka 2023 bosi wake Jim Harbaugh alikuwa amefungiwa, Moore akasimama peke yake pembeni, akatufunga 30 kwa 24. Mwaka jana akatufunga akiwa kocha mkuu, na timu mbovu. Huyu bado hajajua kufungwa na Ohio State kuna ladha gani. Na Zvada wake, yule wa sekunde 45, bado yupo. Majuzi tu aliwaokoa dhidi ya Northwestern kwa mpira wa mwisho, 24 kwa 22. Kwa hiyo ikifika robo ya nne na tofauti ni pointi moja au mbili, mimi nitatoka nje nikavute hewa, mje mniite.

Tukishinda, tunakwenda Indianapolis Desemba 6 kwenye fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo tunayocheza sisi na Michigan, na Indiana ambao nao hawajafungwa. Tukifungwa bado tutaingia kwenye mchujo wa taifa, hilo halina wasiwasi, na tunaweza hata kuwa mabingwa tena kama mwaka jana. Kuna rafiki yangu aliniuliza, kama ubingwa unapatikana hata ukifungwa na Michigan, kelele za nini? Nikamwuliza yeye, ni wa Msimbazi, mwaka ambao timu yake ilichukua ligi lakini ikafungwa na Yanga, alipita Jangwani akiwa ameinua kichwa? Akacheka, hakunijibu.

Mnataka nitabiri. Nimezungukazunguka nikidhani mtasahau. Nasema Ohio State 24, Michigan 13. Tutaanza vibaya. Robo ya kwanza watatutangulia, uwanja utanguruma, na humu ndani wengine wataanza kuchukua makoti. Msichukue makoti. Tazameni jaribio la kwanza la kila msafara wetu, yaani kila tunapoupata mpira, baada ya hapo. Mkiona Sayin anarusha jaribio la kwanza, kaeni chini mle kwa amani. Mkiona mpira unapelekwa katikati, kifua kwa kifua, mara mbili mfululizo, basi yule mama wa mwaka jana na aanze kupiga kelele mapema, labda safari hii watamsikia.

Ukumbi utafunguliwa saa nne asubuhi, mpira saa sita mchana kamili. Viti vya mbele ni vya wazee. Wa sambusa mnajijua, wa pilau mnajijua, na safari hii lipikwe jingi. Nyekundu na kijivu ndiyo sare. Atakayevaa buluu na njano atakaa karibu na mlango, hiyo ni amri ya mwenyekiti si yangu. Nimemaliza, karibuni kwa maswali. Baba Furaha, naona mkono wako uko juu tangu nilipomtaja Biakabutuka.